Nilizoea kusema ushuru ni wizi, sasa mimi ndiye mkusanyaji getini kwetu

MtuWaZimmerman (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Huu uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Wanaonijua humu wanajua msimamo wangu. Miaka yote nimesema ushuru ni wizi uliovaa suti. Mtu anakukata kabla hujaona jasho lako, hakuulizi, na ukikataa anakupeleka kortini. Jambazi wa uchochoroni angalau haji na fomu ya kujaza. Nimeyasema hayo kwenye matatu, kwenye harusi, hata kwenye matanga ya shangazi yangu niliyasema mpaka nikaombwa ninyamaze.

Sasa sikieni. Tuko nyumba 24 ndani ya geti moja hapa Zimmerman, Nairobi. Mwaka jana tulivunjiwa mara mbili kwa mwezi mmoja, na gari la jirani likaachwa juu ya mawe, magurudumu yote manne yameenda. Tukakutana Jumapili chini ya mti wa parachichi, tukakubaliana kila nyumba itoe 2,500 kwa mwezi. Hesabu ilikuwa hivi: askari wawili, wa mchana na wa usiku, 40,000. Vijana wa takataka 6,000. Stima ya taa za nje na pampu ya kisima kama 9,000. Zinabaki 5,000 za kurekebisha kinachoharibika. Wakaangalia nani ana uso wa kudai watu pesa, macho yakaniangukia mimi. Nikawa mweka hazina.

Miezi miwili ya kwanza watu walitoa kama kanisani. Mwezi wa tatu nyumba tatu zikaacha. Namba 12 ni mama mjane, yeye nilimwelewa bila hata kuambiwa. Namba 9 hasemi kitu, akiniona anaingia ndani. Namba 17 ndiye aliyeninyima usingizi. Nilipiga hodi, akanifungulia na bakuli la githeri mkononi, akaniambia kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, mimi sikuomba askari. Nina mbwa. Unaniletea kitu ambacho sikuagiza, halafu unanidai."

Nikasimama pale na daftari langu kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Maneno yake yalikuwa maneno yangu! Ni kama alikuwa akinisomea niliyoandika humu 2023 wakati wa ile tozo ya nyumba za bei nafuu.

Lakini usiku huohuo nikiwa dirishani nilimwona askari wetu akimfungulia geti saa tano, akammulikia tochi mpaka mlangoni, maana askari hana orodha ya nani amelipa. Taa ninayoilipia mimi inaangaza gari lake. Mwizi akichungulia akaona askari, hajui namba 17 ni ipi na namba 4 ni ipi, anaondoka. Huyu bwana anapata kila kitu, na pengo lake la 2,500 tunaliziba sisi wengine. Hapo mwizi ni nani?

Nishaurini. Nimwambie askari asimfungulie? Nibandike jina lake ukutani? Na nikifanya hivyo nina tofauti gani na wale niliowatukana miaka kumi?

Kijana_Huru

Kaka, usilegee. Tofauti iko wazi kama mchana. Kwenu watu walikaa chini ya parachichi wakakubaliana. Namba 17 akichoka anahama, anaenda Githurai. Mimi nikichoka na serikali nahamia wapi? Nikivuka mpaka wa Namanga nakuta wengine wananingoja na mashine ya risiti. Hakuna mkataba niliotia sahihi mimi. Nilizaliwa nikakuta deni. Kitu kikichukuliwa kwa lazima ni wizi, hata kama aliyekichukua amekununulia soda kwa hizo pesa.

Namba 17 mwacheni. Mkianza kumlazimisha leo kwa askari, kesho mtamchagulia rangi ya pazia.

ChaiNaMandazi

Huyo mbwa wa namba 17 anabweka, ama ameajiriwa tu kama askari wetu wa hapa Pipeline ambaye saa mbili ashaanza kukoroma?

MamaHadwea

Nyinyi mnazungumzia wizi kama watu wa mdahalo. Ngojeni niwaambie ya dukani.

Nauza vifaa vya ujenzi. Mfuko wa simiti nikiuuza 780, mimi nabaki na 30, siku nzuri 40. Ushuru wa mauzo kwa sisi wenye biashara ndogo ulipandishwa 2023 kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Ni wa mauzo, jamani, sio wa faida. Asilimia 3 ya 780 ni shilingi 23 na senti 40. Kwa hivyo katika zile 30 zangu nabaki na sita na ushei, na bado sijamlipa kijana wa mkokoteni, wala kodi ya duka, wala leseni ya kaunti. Jirani yangu wa mitumba ananunua shati kwa 50 analiuza 200, naye anatozwa asilimia ileile. Yeye anakohoa kidogo, mimi nalazwa. Sisemi nisilipe. Nasema aliyeandika ile sheria hajawahi kuuza simiti.

Na wewe Kijana_Huru, nikuulize kama mama yako: ulisomea wapi?

Kijana_Huru

Shule ya msingi ya umma, mama. Niliingia darasa la kwanza Januari 2003, wakati uleule karo ilipoondolewa. Tulikuwa 94 chumba kimoja, wengine tukikaa sakafuni. Najua unakonipeleka. Lakini hata mtumwa alilishwa.

MamaHadwea

Mtumwa hakufundishwa kuandika malalamiko.

Mwajiriwa_Mtiifu

Nyinyi wenye maduka angalau mnaishika pesa kabla ya kuachana nayo. Sisi tunaiona kwenye karatasi tu. Mshahara wangu ni 60,000. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa mapato 8,538. Bima ya afya asilimia 2.75, yaani 1,650. Nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 900, na mwajiri anatoa 900 nyingine upande wake. NSSF 3,600. Zinazonifikia ni 45,312. Hizo nazo nikitoka nazo nakutana na VAT ya asilimia 16 kwenye sabuni na kwenye petroli, na nikimtumia mama pesa kwa simu, ile ada ya kutuma ina ushuru wake wa asilimia 15 ndani yake.

Baada ya hayo yote nanunua maji ya mtungi, nalipa askari wa geti kama MtuWaZimmerman, mtoto yuko shule ya kulipia, na mtu akiugua kwetu tunafungua kundi la WhatsApp tunachanga. Nalipa mara mbili: kwanza kwa serikali ili itoe huduma, kisha sokoni kwa sababu haikutoa. Kukatwa hakuniumi hivyo. Nikienda buchani nikalipia kilo ya nyama nikafungiwa mifupa, siwezi kutoka nikitangaza kwamba nyama ni haramu. Nitasema yule wa bucha ni mwizi.

Karani_Mstaafu

Sahihisho dogo. Hizo 3,600 za NSSF si ushuru, ni akiba yako, na mwajiri anakuwekea nyingine kama hizo. Zitoe kwenye kilio.

Mwajiriwa_Mtiifu

Nitazitoa kwenye kilio siku nitakapoziona.

MzeeWaKariokor

Wanangu, nimewasoma kimya tangu asubuhi. Neno "wizi" lina historia katika mji huu, msilitafune kama pipi.

Mkoloni alileta kodi ya kibanda mwaka 1901. Mwanzoni haikuzidi rupia mbili kwa kibanda, baadaye wakawa wanaipandisha. Mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, kwa hivyo alilipa mara tatu, na watu wakaanza kubanana nyumba moja ili hesabu ipungue. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda, ili hata kijana asiye na kitu asiponyoke. Na shabaha haikuwa pesa peke yake. Walowezi walilia kwamba Mwafrika hataki kuwafanyia kazi kwa kuwa ana shamba lake na mbuzi wake. Basi atozwe kwa fedha ambazo hana, atakwenda kuzitafuta kwenye shamba la mzungu. Babu yangu alitoka Murang'a kwa miguu akaenda kuchuma kahawa upande wa Thika, msimu baada ya msimu. Alikufa hajawahi kuionja kahawa hiyo.

Sasa hapa ndipo pananichoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walowezi nao waliwekewa kodi ya mapato. Wakapiga kelele, ikafutwa upesi, ikarudi tena 1937. Miaka ileile ya kelele zao, kodi ya Mwafrika ilikuwa imepandishwa na mshahara wake unapigiwa hesabu ya kupunguzwa kwa thuluthi. Harry Thuku akasimama akapinga: kodi, kipande (kile kitambulisho cha lazima), wanawake na wasichana kupelekwa kazi za lazima. Wakamkamata Machi 1922, wakamfungia kituo cha polisi hapa mjini. Watu wakakesha nje. Tarehe 16, wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake akawaambia waichukue wavae wao, wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele. Risasi zikapigwa. Zaidi ya watu 20 walikufa pale, naye akiwa miongoni mwao. Barabara ya Harry Thuku mnaipita kila siku mkienda chuo kikuu.

Kwa hiyo wizi naujua ulivyofanana. Anayetoza hakuchaguliwa na anayetozwa. Kilichokusanywa kilikwenda kutengeneza barabara za mashamba ya mwingine. Na mwenye nguvu alipokataa alisikizwa, mnyonge alipokataa akapigwa risasi. Chukueni kodi yoyote ya leo mwipime hapo. Nyingine zitapita, nyingine zitachechemea, nyingine zitanuka.

Kijana_Huru

Mzee, umeniunga mkono bila kujua.

MzeeWaKariokor

Najua ninachofanya, mwanangu. Waliolilia kodi ya kibanda ndio haohao ambao baada ya uhuru walichanga kuku na mbuzi kwa harambee wakajenga shule. Hawakuchukia kutoa. Na hata hiyo harambee iliharibika nikiiona. Nilikuwa mwalimu miaka ya themanini, chifu alikuwa akiingia bomani kwa mtu anaondoka na jogoo, ati mchango wa maendeleo. Hiari yetu ikageuka kodi isiyo na risiti. Wewe unayetaka kila kitu kiwe cha hiari, muulize yule jogoo.

ChaiNaMandazi

"Muulize yule jogoo" naiandika kwenye ukuta wa keja yangu.

NilikuwaKimathi

Maneno ya mzee yanaeleza maandamano ya Juni 2024 kuliko vile televisheni ilivyoeleza. Mswada wa fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tulikuwa nao kwenye simu tukisomeana kifungu kwa kifungu, kuna waliotafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani ili mama zetu waelewe. Sijui kama kuna mswada mwingine wa fedha uliowahi kusomwa hivyo na watu wa kawaida. Tarehe 25 Bunge likapitisha, watu wakaingia Bungeni. Tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vijana ambao hawakurudi nyumbani.

Kisha nasikia watu wakisema kizazi hiki kinakataa ushuru. Mimi bango la "tusilipe kamwe" sikuliona. Tuliimba "Zakayo shuka", tukimwita Rais kwa jina la yule mtoza ushuru. Na Zakayo wa kwenye Biblia aliposhuka mtini hakuambiwa aache kazi. Alisema mwenyewe kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Kijana_Huru

Mara nne! Hapo hata mimi narudi kwenye mfumo.

AbuSwafia

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko South C lakini nililelewa Mji wa Kale, Mombasa, mtanisamehe lafudhi.

Tazameni neno lenyewe. Ushuru asili yake ni sehemu moja ya kumi. Na sisi tuna neno kodi ambalo kwa Kiswahili ni la mambo mawili: ile unayompa mwenye nyumba na ile unayompa mtawala. Wazee hawakuona haja ya kutenganisha. Mwenye nyumba ukimlipa na paa likavuja unamwita, unamwambia bwana we, paa lako. Yeye hawezi kukujibu kwamba kulipa ni uzalendo.

Kwenye zaka kuna jambo ambalo mimi hulifikiria kila wakati wa bajeti. Kwa pesa na bidhaa ni asilimia 2.5, na hutolewa katika mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima. Yaani hugusi unga wa mtu unaoliwa leo, unagusa kilicholala. Ushuru wetu mwingi umegeuka, unamngoja mtu pale anaponunua. Mafuta ya taa tangu 2018 yana tozo ya shilingi 18 kwa lita, nayo iliwekwa kwa sababu kuna wenye malori waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kosa la mwenye lori, adhabu ya bibi mwenye stovu Majengo anayenunua ya kujaza chupa ya soda. Mimi hilo siwezi kuliita wizi, maana limepita Bungeni. Lakini nikiliita haki nitakuwa muongo.

Na wanazuoni walilaani ushuru wa dhuluma wa masokoni kwa maneno makali sana, kisha wengine wao wakaruhusu mtawala kutoza zaidi ya zaka hazina ikiwa tupu na haja ikiwa ya kweli. Haja ya kweli, nasisitiza. Misururu ya magari meusi haimo.

NesiWaZamuYaUsiku

Niko kazini, wodi imetulia, nitaandika kwa vipande.

Mwezi uliopita saa nane usiku tuliletewa mwendesha bodaboda aliyegongwa barabara ya Outering. Aliletwa na matatu, makanga amemlaza kiti cha nyuma. Simu imeshaibwa, kitambulisho hana. Mfukoni alikuwa na noti ya 50 na funguo moja yenye uzi mwekundu. Kwenye faili tuliandika "Mwanamume, hajulikani". Aliwekewa damu chupa tatu, akapigwa picha ya kichwa, daktari aliamshwa akaja na soksi za rangi mbili. Hakuna aliyeuliza kama amelipa ushuru, na hata tungeuliza alikuwa hasemi. Siku ya nne dada yake alitokea kutoka Kitui, alikuwa amezunguka mochari mbili kabla ya kufika kwetu. Alipomwona anapumua alikaa chini kwenye sakafu, palepale mlangoni, akavua viatu.

Kijana_Huru, wewe unasema anayetaka huduma ailipie. Huyu angelipia nini, saa ngapi?

Kijana_Huru

Hapo umenishika shati, dada. Lakini si kuna michango? Wakenya hutoa. Mtu akianikwa mtandaoni na picha, jioni pesa imefika.

NesiWaZamuYaUsiku

Picha ya uso uliovimba bila jina? Na tungempigia nani saa nane usiku? Michango humfikia mwenye watu. Mwenye shangazi Marekani, mwenye sura nzuri, mwenye hadithi. Huyu alikuwa na funguo.

Na usinielewe vibaya, mimi si mtetezi wa mtu. Usiku huohuo glavu zilikuwa zimeisha, tukatumia boksi nililonunua mwenyewe duka la dawa. Kwa hivyo mshahara wangu unakatwa ushuru wa kununua glavu, halafu nanunua glavu. Nikiwaza sana hilo siwezi kufanya kazi. Nimeitwa, nitarudi.

WakiliWaBaraza

Niongeze la sheria, kwa ufupi nikiweza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na fedha za umma zitumike kwa busara na uwazi. Cha 210 kinasema hakuna ushuru bila sheria, na kwamba hakuna sheria itakayomsamehe afisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake. Hicho cha mwisho kilikuwa na wenyewe: kabla ya hapo marupurupu mengi ya wabunge hayakuwa yakitozwa. Tozo ya nyumba ya 2023 nayo iliangushwa na Mahakama Kuu Novemba mwaka huohuo, sababu moja ikiwa kwamba iliwabana wenye mishahara peke yao. Bunge likaandika sheria mpya Machi 2024 inayowagusa na wasio na mishahara. Mtu anaweza kucheka, lakini mahakama ilikuwa ikiuliza swali la mzee: kwa nini huyu na sio yule?

MamaHadwea, wewe una njia. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba unajitoa kwenye ushuru wa mauzo, utozwe kwa faida. Utahitaji vitabu vya hesabu vilivyonyooka. Kwa simiti huenda ikakufaa.

Sasa mfano wangu wa haki iliyolala, na huu hauzungumzwi vya kutosha. Ushuru wa faida ya kuuza mali, yaani ploti, majumba na hisa, ulisimamishwa 1985. Ulirudi Januari 2015, miaka 30 baadaye, kwa asilimia 5, na ukapandishwa hadi 15 mwaka 2023. Fikirieni bei ya ardhi ya Nairobi ilivyopaa katika miaka hiyo 30. Mtu alinunua ekari, akalala, akaamka tajiri, akauza, hakutoa senti ya faida ile. Karani wa ofisi yake alikuwa akikatwa kila mwezi bila kukosa. Hakuna aliyevunja sheria. Ndiyo maana mimi huwa sikubali mtu aseme tu "lipa, ni sheria". Ya Thuku pia ilikuwa sheria.

Kuhusu geti lenu: kumzuia mtu kuingia nyumbani kwake usithubutu, utaniona kortini nikiwa upande wake. Kumdai deni mlilokubaliana kwa maandishi mnaweza. Mlikubaliana kwa maandishi?

MtuWaZimmerman

Tulikubaliana kwa parachichi.

MamaHadwea

Asante wakili, nitakutafuta. Na MtuWaZimmerman, nimerudi kusoma ulichoandika mwanzo. Namba 17 umempa aya nzima na bakuli la githeri. Namba 9 umempa sentensi moja. Mwenye maneno mengi ashasema yake. Nenda kwa asiyesema.

Karani_Mstaafu

Na hilo daftari linakaa wapi?

MtuWaZimmerman

Chumbani kwangu, kwenye droo. Kwani?

Karani_Mstaafu

Basi. Nilitaka tu kujua.

MtuWaZimmerman (siku tisa baadaye)

Wadau, niliahidi kurudi.

Karani, swali lako la droo lilinichoma usiku kucha. Na mama, nilikwenda kwa namba 9. Sikwenda na daftari, nilikwenda na mkate. Tulikaa dakika kama ishirini tukiongea mambo ya mpira, mwisho akafunguka. Kabla sijahamia hapa, nyumba zote zilitoa 15,000 za pampu mpya ya kisima. Pampu iliyokuja ilikuwa ya mkono wa pili, rangi imepakwa juu ya kutu, na risiti haikuonekana mpaka leo. Aliyeshika pesa alihama. Namba 9 aliuliza mara moja mkutanoni akaambiwa anapenda shida. Akaapa hatauliza tena na hatalipa tena. "Wewe sikujui," akaniambia. "Daftari lako sijaliona."

Jumamosi nikapiga picha kurasa zote, nikazichapisha kibandani kwa Mama Wambo wa fotokopi, nikazibandika ukutani ndani ya geti, zimefunikwa na nailoni. Haikupita saa moja namba 4 akagonga kwangu: "Stima mwezi wa pili umeandika 10,200, na ujumbe wa tokeni unasema 9,000." Nikatoka jasho. Kumbe tokeni moja ya 1,200 nilikuwa nimeiandika mara mbili. Miezi yote hiyo hakuna aliyejua, hata mimi. Mtu ambaye amewaita wengine wezi miaka kumi! Nikarudisha 1,200 kwenye hesabu mbele ya watu. Kuna waliocheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Usiku ule namba 9 alituma miezi miwili kwa simu. Hakuandika chochote, pesa tu.

Jumapili tukakutana tena. Mama wa namba 12 hakusema lolote kuhusu shida zake, ni askari wa usiku aliyesema kwamba kila siku saa kumi alfajiri yeye ndiye humletea chai. Hatukujua. Tukakubaliana hilo liandikwe kwenye daftari kama mchango, na liko ukutani, "Namba 12: chai". Safari hii tumeandika makubaliano na kila mtu ametia sahihi, wakili asinisumbue tena.

Karibu kila mtu. Namba 17 alikuja na kiti chake mwenyewe. Alisoma karatasi zote ukutani kwa makini kuliko mtu yeyote, akauliza maswali manne, na ukweli usemwe, mawili yalikuwa mazuri. Tulipopiga kura ya kupandisha hadi 2,700 ili tutengeneze taa ya nyuma, alipinga, na kura yake ikahesabiwa. Tulishindwa kwa kura moja. Inabaki 2,500. Hajalipa.

Kijana_Huru, usiulize. Ndiyo, askari anamfungulia. Jana ilikuwa saa tano na nusu.

ChaiNaMandazi

Na mbwa?

MtuWaZimmerman

Mbwa siku hizi analala kwenye kibanda cha askari. Anasema kuna joto.